Bismillahi ya Thelathini

Ukitaka kujua kama wiki ilikuwa ya kazi au ya uvivu pale kiwandani, hukuwa na haja ya kuuliza ofisini. Ulimtazama Fundi Kisu mkono wa kushoto. Kila alipomaliza kunoa kisu alikijaribu kwa kunyoa vinyweleo vyake mwenyewe, kuanzia kwenye kifundo cha mkono kwenda juu, na wiki zenye kuku wengi mkono ule ulikuwa laini mpaka kiwikoni. Wenzake walimtania kwamba akienda kwa kinyozi adai apunguziwe, kwa sababu kazi nusu ameshaifanya mwenyewe. Yeye alicheka nao, kisha akaendelea kunyoa. Kisu kikikwama kwenye unywele alikirudisha kwenye jiwe, hata kama wateja wamepanga foleni mpaka barabarani.

Alikuwa amechinja kuku kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia nyuma ya soko, kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa na bomba lisilofungika vizuri, na hapo ndipo alipojiwekea masharti yake. Kuku hachinjwi mbele ya mwenzake. Kisu hakinolewi kuku akiona. Na akiwa kazini haongei na mtu, maana mdomo una kazi moja tu, kusoma bismillahi, na kila kuku ana bismillahi yake. Hata umwambie nyumba yake inaungua, atamalizana kwanza na kuku aliye mkononi, ndipo aulize ni chumba kipi.

Watu walinunua kwa swali moja tu: "Huyu kapita kwa Fundi Kisu?" Wakiambiwa ndiyo, basi, wamemaliza, wanaondoka na kuku wao. Wengi hawakuwahi kumwona akichinja hata siku moja. Waliamini tu, na yeye alilijua hilo, tena lilimtisha kidogo.

"Mtu anamlisha mwanawe kwa neno langu," alimwambia mkewe zaidi ya mara moja. "Siku neno lenyewe likioza, nitauficha wapi uso huu?"

Mkewe alimjibu ale chakula kinapoa.

Mwenye kiwanda alipofungua kiwanda chake cha kuku nje kidogo ya mji, mtu wa kwanza kumfuata alikuwa Fundi Kisu. Alimpa wachinjaji wanane chini yake, wote akawafundisha mwenyewe, na mmoja alimrudisha nyumbani siku tatu mfululizo mpaka alipoacha kupiga soga kazini. Walimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kama watoto wanavyomfanyia mwalimu mkali asiyeonea.

Alikuwa na binti mmoja tu. Yeye na mkewe walimsubiri miaka kumi na moja, na alipokuja walimlea kama yai. Alipokuwa mdogo alikaa sokoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameipa damu mgongo kama alivyoagizwa, akihesabu kwa vidole kila alipomsikia baba yake akisoma. Kabla hajaanza shule alishajua kuhesabu mpaka thelathini, na alijifunza kwa bismillahi za baba yake. Baada ya thelathini alirudi moja, kwa sababu zaidi ya hapo hakujua kinachofuata.

Binti alisoma biashara mpaka akamaliza madarasa yote yaliyopo, na mwenye kiwanda akamwajiri kuwa afisa wa masoko ya nje. Hapo nyumbani pakabadilika. Kila mlo ukawa mkutano.

"Baba, nyie mnadhani halali ni nyama tu," alisema jioni moja, kijiko hewani. "Wenzetu wanauza soseji, wanauza supu ya unga, vipande vilivyokwisha kuungwa viungo, mtu anakaanga tu. Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya midomo, vyote vina alama ya halali. Duniani kuna watu wasiohesabika, sasa hivi tunavyoongea wamesimama dukani wanageuza pakiti huku na huku. Hawatafuti bei, baba. Wanatafuta mtu wa kumwamini."

"Sasa mtu huyo watampata wapi?" Fundi Kisu aliuliza, mdomo umejaa.

"Ninaye hapa nyumbani," binti alisema. "Anakula."

Wakacheka wote watatu. Mwezi uliofuata alikuja mpigapicha akaupiga picha mkono wa Fundi Kisu ukiwa umeshika kisu, mkono wenyewe wa kulia, wenye kidole cha mwisho kilichopinda tangu kilipobanwa na mlango. Mpigapicha alitaka kukinyoosha kidole kwenye kompyuta, binti akakataa katakata. Picha ikawekwa kwenye pakiti ya kijani, na chini yake maneno: Kila kuku amechinjwa kwa mkono. Maneno hayo ndiyo yaliyofungua milango. Viwanda vingine vilikuwa na mashine, na wako wanunuzi wa mbali waliokuwa tayari kulipa zaidi, ilimradi wapate mkono wa mtu na bismillahi iliyotoka kwenye mdomo wa mtu. Fundi Kisu alivimba kichwa, tusimfichie. Alikuwa na pakiti tupu aliyoikunja mfukoni, na alimwonyesha kila aliyekaa naye dakika mbili. Kinyozi alionyeshwa mara tatu.

Kisha koo likaanza kumsumbua. Daktari aliona uvimbe, akasema lazima apasuliwe, na akasema pia, kwa upole, kwamba sauti huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Siku tano kabla ya kulazwa, mchana wa Ijumaa, binti alikuja sebuleni na simu yake na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola. Akafunga madirisha, akamwambia mama yake asitoe kelele yoyote kwa dakika chache.

"Baba, nataka nibaki na sauti yako," alisema. "Isije ikatupotea."

"Nikusomee nini?"

"Ile niliyokua nayo. Bismillahi, Allahu Akbar. Nisomee thelathini, kama nilivyokuwa nahesabu pale kwenye ndoo."

Fundi Kisu akakaa sawa, akasoma. Alisoma kama anavyosoma kazini, wazi, bila pupa, akiacha nafasi ya pumzi moja kati ya hii na hii. Alipofika kwenye ishirini na kitu alimwona binti yake analia. Hakutoa sauti, machozi yalimfika kidevuni yakadondoka, na simu ameishika imara asije akaharibu. Naye akaendelea kusoma. Kwenye ya thelathini mama mtu akajisahau, akakoroga chai ya mumewe: kijiko kikagonga kikombe, ting, ting. Binti akaangua kicheko katikati ya machozi, akazima. Usiku huo Fundi Kisu alijiambia kwamba hata akifia kwenye kitanda cha daktari, ameshapendwa vya kutosha.

Hakufa. Alipona, ila sauti ilirudi imekwaruza, kama mlango uliokosa grisi. Baada ya miezi miwili alirudi kiwandani, na mwenye kiwanda akampokea getini mwenyewe, mkononi ana koti jeupe lililotariziwa maneno: Msimamizi Mkuu wa Uchinjaji. Akapandishwa ngazi kumi na nne mpaka chumba cha juu chenye dirisha la kioo na kiti kinachozunguka.

"Umetumika vya kutosha, mzee wangu," mwenye kiwanda alisema. "Sasa tukutumikie sisi."

Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini aliyevishwa hajioni. Aliambiwa ukumbi wa kuchinjia umekarabatiwa, masharti mapya yametoka kwa wanunuzi, haingii mtu ovyo. "Na lile vumbi la manyoya si zuri kwa kidonda chako, baba," binti alimwambia, akimfunga kifungo cha koti. "Wewe kaa. Nitakuletea karatasi hapa hapa."

Kila Jumatatu alimletea karatasi. Ilisema: Nathibitisha kuku wote wa wiki hii wamechinjwa kwa mkono, na bismillahi imesomwa kwa kila mmoja.

"Watu wangu wanaendeleaje?" Fundi Kisu aliuliza.

"Wanaendelea vizuri, baba."

Akatia sahihi. Jumatatu ishirini na moja alitia sahihi. Mtu ambaye hakuwahi kukiamini kisu mpaka kinyoe alishindwa kushuka ngazi kumi na nne kutazama kwa macho yake. Mlaumu ukipenda, na yeye alikuja kujilaumu kuliko wewe. Lakini niambie ni baba gani anayemwambia mwanawe wa pekee, lete ushahidi.

Dalili zilikuwepo. Wachinjaji wake walikuwa wakikutana naye msikitini siku ya Ijumaa wanageuza nyuso, wengine hawaitikii salamu. Akadhani wanakionea wivu kiti kinachozunguka. Na mkono wa kushoto uliota nywele. Mkewe aliushika siku moja akasema, "He, umeota msitu," na wakacheka, kumbe ndiyo barua yenyewe na hawakuisoma.

Jumatano moja, kama saa nne asubuhi, aliamua kuwafurahisha watu wake. Alikuwa amenoa visu vinane nyumbani, kuvijaribu alikusudia kuvijaribu mbele yao, akavifunga kwenye kitambaa, akashuka navyo. Mlinzi wa mlango wa ukumbi alikuwa ameenda kunywa maji. Fundi Kisu akaingia kwenye ujia mrefu wenye kuta za vigae vyeupe, na akiwa katikati ya ujia akasikia bismillahi.

Akatabasamu. Kuna mmoja wao ameiva, alijisemea, sauti imekaa sawasawa. Akasimama ajue ni nani kati ya wale wanane. Akasikiliza ya pili, ya tatu. Ndipo akajishika koo, kwa sababu sauti ilikuwa yake. Haikuwa hii mbovu aliyonayo sasa. Ilikuwa ile ya zamani, ambayo daktari alimwambia aisahau.

Alibaki pale ameegemea vigae, akihesabu bila kutaka. Ilipofika ya thelathini, kijiko kikagonga kikombe, ting, ting, na nyuma yake kicheko cha msichana kilichokatwa kabla hakijafika popote. Kisha ikaanza upya, moja.

Akasukuma mlango. Mnyororo ulikuwa unazunguka juu, kuku wananing'inia vichwa chini, na kisu cha duara kinazunguka mahali ambapo palitakiwa kusimama watu wanane. Spika ilikuwa ukutani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isiingie maji, na pembeni yake swichi nyekundu. Fundi Kisu alitazama. Kuku watatu walipita kwa bismillahi moja. Akatazama tena, akidhani amekosea. Watatu. Spika haikuwa na habari na kuku, wala kuku hawakuwa na habari na spika.

Fundi mitambo, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amekaa juu ya kreti, pamba masikioni. Alipomwona akainuka, akachomoa pamba.

"Watu wangu wako wapi?" Fundi Kisu aliuliza.

"Si walipunguzwa, fundi, ulipokaribia kurudi kazini? Wawili ndio wamebaki, wako kule kwenye kufunga pakiti."

"Na hii sauti nani kaiweka hapa?"

Yule akamtazama kwa mshangao. "Si yako? Tuliambiwa umeitoa mwenyewe, kwa ridhaa yako. Ndiyo maana wenzako walikununia. Walisema bora ungewaaga kwanza."

Fundi Kisu akaviweka visu vyake chini, pale pale mlangoni, akaondoka.

Binti yake alikuwa ofisini, kwenye simu, akizungumza na mtu wa mbali kwa lugha ya watu. Alipouona uso wa baba yake alikata bila kuaga. Hakuuliza kuna nini, na kwa baba mtu hilo lilikuwa jibu la kwanza.

"Oda zilikuja mara tano ya tulivyotegemea, baba," alisema. "Wachinjaji wanane wasingeweza. Wasingeweza hata wakiwa thelathini. Tungekataa, wangeenda kwingine na wasingerudi, na kiwanda hiki kina watu mia mbili. Nilitaka iwe ya muda tu."

"Miezi mitano."

"Na wako wanazuoni wanaoruhusu mashine. Naweza kukuonyesha."

"Sibishani na wanazuoni. Basi andikeni kwenye pakiti kwamba ni mashine."

"Tukiandika hawatanunua."

"Kwa nini hawatanunua?"

Pakiti ya kijani ilikuwa mezani, kidole kilichopinda kinawatazama wote wawili.

"Umeniuza, mwanangu," Fundi Kisu alisema, na ile sauti yake mbovu ikakatika katikati.

"Sijakuuza, baba! Nimekufikisha mahali ambapo usingefika."

"Umefikisha mkono wangu na sauti yangu. Mimi mwenyewe ulinikalisha juu, kwenye kiti kinachozunguka."

Hapo ndipo binti alipoanza kulia, na Fundi Kisu akajikuta anayatazama yale machozi kwa makini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Binti akamwambia kwamba Alhamisi ya wiki ijayo mkaguzi anakuja, ametumwa na wanunuzi. Wachinjaji wameshaitwa warudi kwa siku hiyo, mashine itafunikwa turubai. Kilichobaki ni yeye asimame mbele, achinje kuku wachache, atie sahihi. "Siku moja tu, baba. Baada ya hapo nitarekebisha kila kitu, naapa."

"Usiape."

"Barua zote kwa wanunuzi zina jina langu. Ikijulikana, mimi ndiye nitakayefungwa, si mwenye kiwanda. Utakuja kunitazama jela?"

Fundi Kisu alivua koti jeupe, akaliweka juu ya kiti, akaenda nyumbani kwa miguu.

Mkewe alipohadithiwa alisema, "Aliniambia nisikoroge chai, nami nikasahau," kana kwamba kosa zima ni lake. Tangu siku hiyo hakukoroga tena. Alitia sukari akaweka kijiko mbali, na Fundi Kisu akanywa chai chungu juu, tamu chini, bila kulalamika.

"Lakini ni mwanao," mkewe alimwambia siku ya tatu. "Akianguka, utamwokota wewe?"

"Na mimi ataniokota nani?"

"Tutaokotana sisi wawili. Yeye bado ana safari ndefu."

Maneno hayo yalimwingia. Hakuwa mtu wa chuma. Usimwone ameshika kisu miaka yote hiyo ukadhani moyo wake nao ni wa kunolewa. Alhamisi alipofika kiwandani alikuwa ameshaamua kunyamaza. Angechinja, angesaini, halafu asikanyage tena pale, na hayo mengine amalizane nayo kwenye mswala, yeye na Mola wake.

Wale wachinjaji wanane walikuwa wamepangwa mstari, aproni mpya. Hakuna aliyemtazama. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai, na mkaguzi alipouliza aliambiwa ni ya zamani, inasubiri kuondolewa. Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye penseli iliyobaki nusu, na kila alichoambiwa alikiandika polepole. Mwenye kiwanda alimfuata nyuma akitabasamu hata pasipo na cha kutabasamia. Binti alisimama karibu na ukuta, faili kifuani.

Fundi Kisu akachukua kisu, akakijaribu. Nywele za miezi saba zilidondoka kwenye vigae, fungu zima, na mkaguzi akaziangalia. Kuku akaletwa. Fundi Kisu akasoma kwa sauti yake iliyokwaruza, akachinja, akafanya kila kitu kama inavyopasa, na kwa muda ule mfupi alisahau kila mtu aliyekuwa pale ndani. Ilikuwa kazi yake, na alikuwa ameikosa mno.

Mkaguzi alipiga tiki, akafungua mkoba wake. Fundi Kisu alidhani anatoa karatasi ya kusaini. Akatoa pakiti ya kijani, imelainika kwa kukunjwa, akaishika sambamba na mkono wa Fundi Kisu, akalinganisha kidole kilichopinda na kidole kilichopinda. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Ndiyo wewe!" alisema. "Mama yangu hali kuku mwingine. Kaniambia nikifika niutafute mkono huu, nimpe mwenyewe salamu zake."

Kisha akampa karatasi na ile penseli yake. Nathibitisha kuku wote wa miezi mitano iliyopita wamechinjwa kwa mkono.

Fundi Kisu alisoma mstari ule, akausoma tena. Akainua macho akamtazama binti yake, naye binti akamtikisia kichwa kidogo sana, midomo ikisema bila sauti: baba, tafadhali. Alimtazama kwa muda. Alikuwa akimtafuta yule wa kwenye ndoo.

Akamrudishia mkaguzi penseli. Akatembea mpaka ukutani, hatua sita au saba, akaminya ile swichi nyekundu.

Sauti ikajaa ukumbini. Bismillahi, Allahu Akbar, wazi, changa, isiyokwaruza. Fundi Kisu akarudi akasimama mbele ya mkaguzi, karibu, amefumba midomo, ameikaza, ili yule mtu aone vizuri kwamba sauti ni yake na mdomo haufunguki. Mwenye kiwanda alikimbilia swichi, na mmoja wa wale wachinjaji, yule yule aliyerudishwa nyumbani siku tatu kwa kupiga soga, akamzibia njia, hakusema neno. Wakasikiliza zote. Mkaguzi alihesabu kwa midomo. Kwenye ya thelathini kijiko kikagonga.

"Hicho ni kijiko cha mke wangu," Fundi Kisu alisema. "Hapo nilikuwa sebuleni kwangu. Hapakuwa na kuku."

Mkaguzi akaitazama pakiti iliyokuwa mkononi mwake. Hakujua aiweke wapi. Mwishowe akaikunja, akaitia mfukoni, akaomba wamfunulie lile turubai.

Yaliyofuata kiwandani yalikwenda haraka, na si ya kusimulia hapa. Binti alikuja nyumbani siku ya pili, mchana, madirisha yako wazi. Alikuwa ameambiwa aripoti kituoni Jumatatu. Mama yake alimkumbatia mlangoni, wakalia wote wawili, na Fundi Kisu akabaki kwenye kiti chake kile kile cha Ijumaa ile, mikono magotini.

Binti akakaa mbele yake, akaweka simu mezani.

"Umeniumbua mbele za watu, baba," alisema. "Mwanao mmoja."

"Nimekuumbua, ndiyo."

"Kule kiwandani wameshaifuta ile sauti. Imebaki hii ya kwenye simu yangu, hakuna nyingine popote. Ukisema niifute, naifuta sasa hivi."

Fundi Kisu aliitazama simu. Humo ndani ilikuwamo sauti yake yote iliyobaki duniani, na kijiko kwenye kikombe, na kicheko cha binti, na watu watatu waliokuwa wamefunga madirisha wakipendana. Au ndivyo alivyodhani siku ile.

"Nina swali moja," alisema. "Siku ile uliponirekodi, ulikuwa umeshajua utaipeleka wapi?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nilikuwa najua."

"Na yale machozi?"

"Yalikuwa ya kweli, baba." Akamshika mkono, ule wenye kidole kilichopinda. "Wallahi yalikuwa ya kweli. Niliogopa utakufa."

Huenda alisema kweli. Fundi Kisu alitamani mno iwe kweli, akamtazama machoni, akayatazama na machozi yaliyokuwa yakishuka sasa hivi mpaka kidevuni kama yalivyoshuka siku ile, akangoja moyo wake umwamini kama ulivyozoea. Alingoja muda mrefu. Mama mtu akaleta chai, akaiweka bila kuikoroga, na baba akauchomoa mkono wake taratibu, akachukua kikombe.